Ukokotoaji ni nini hasa, na sayansi ya kompyuta inachunguza kitu gani?

#1 MgeniKijitonyama

Wakuu, heshima kwenu.

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, jukwaa linajaa vijana na wazazi wanaouliza kama sayansi ya kompyuta inalipa. Majibu yamekuwa wimbo: "utatengeneza tovuti", "utarekebisha mashine", "akili mnemba imeshamaliza kila kitu, kasome udaktari". Sijaona hata mmoja anayesema fani yenyewe inachunguza nini. Fizikia ina maada na nishati, biolojia ina uhai. Hii yetu je? Mimi nasema ina ukokotoaji, na anayeingia darasani bila kulijua hilo atahangaika miaka yote akijiuliza kwa nini kaja kusoma kompyuta anapewa hesabu.

Kukokotoa, kwa maana ya humu, ni kubadili alama kuwa alama nyingine, hatua baada ya hatua, kwa kanuni zilizo wazi kiasi kwamba anayezifuata hana haja ya kuelewa anachofanya. Alama ziwe tarakimu, herufi, matundu kwenye kadi au chaji ya umeme, haidhuru.

Nadharia ilitangulia mashine. Mwaka 1928 Wajerumani wawili, David Hilbert na Wilhelm Ackermann, waliuliza: je, upo utaratibu wa kufuata tu, usiohitaji kipaji, ambao ukipewa kauli yoyote ya mantiki utakwambia kama inathibitika au haithibitiki? Mwaka 1936 kijana wa miaka 23 pale Cambridge, Alan Turing, akalivaa swali hilo. Ili aweze kusema "utaratibu huo haupo", ilibidi kwanza aseme utaratibu ni kitu gani.

Alichofanya ni kumtazama mtu anayekokotoa kwa penseli. Enzi hizo hiyo ilikuwa ajira kabisa: vituo vya kuchunguza nyota, bima na majeshi vilikuwa na watu, wanawake wengi wakiwemo, waliokaa mezani kutwa nzima wakijaza majedwali ya namba. Mtu huyu anafanya nini hasa? Ana daftari la miraba. Kwa wakati mmoja anatazama miraba michache. Kichwani ana hali chache za kumwambia amefikia wapi. Anaandika au anafuta, anahamia mraba wa jirani, anabadili hali. Basi. Mwondoe mtu, bakiza utepe wa miraba usio na mwisho, kichwa cha kusomea na kuandikia, na jedwali la kanuni. Hiyo ndiyo mashine ya Turing, na haina waya hata mmoja.

Kisha akaona kwamba jedwali la mashine moja nalo ni alama tu, kwa hiyo linaweza kuandikwa kwenye utepe wa mashine nyingine. Ipo mashine moja inayoweza kusoma jedwali la mashine yoyote na kuifanya kazi yake. Kwangu mimi hili ndilo wazo kubwa kuliko yote katika fani hii, na nashangaa linavyopitwa mbio vyuoni ili watu wawahi kufundishwa lugha ya programu iliyo kwenye chati mwaka huo.

Mwaka uleule, Alonzo Church wa Princeton alikuwa amefika mahali palepale kwa njia nyingine kabisa, hesabu ya lambda, yaani kukokotoa kwa kubadilisha fomula tu, isiyo na utepe wala kichwa. Turing akathibitisha kwamba njia zote mbili zinakokotoa mambo yaleyale. Mwanahisabati Emil Post naye akaja na njia yake, ikalingana. Hapo ndipo wanahisabati walipoanza kuamini kwamba wamegusa kitu halisi. Imani hiyo huitwa dai la Church na Turing. Haithibitishiki kama kanuni za hesabu zinavyothibitishwa, kwa kuwa upande wake mmoja ni wazo lililo vichwani mwa watu. Lakini hadi leo hajatokea mtu na utaratibu unaokubalika ulioishinda mashine ile ya karatasi.

Nawasilisha. Wajuvi karibuni, wabishi ndiyo kabisa.

#2 Kipepeo_Kimara

Mkuu hili ni gazeti. Nimesoma mpaka mwendokasi umenipitisha kituo. Kwa kifupi kompyuta ni nini?

#3 MgeniKijitonyama

Pole. Ni chochote kinachofuata jedwali la kanuni juu ya alama. Iliyo mfukoni mwako ni ya ile aina ya pili, inayosoma majedwali ya wenzake, ndiyo maana ni redio, kamera na benki bila fundi kuifungua.

#4 FundiNarungombe

Nimetajwa. Mimi nipo Kariakoo nafungua bodi za laptopu na simu asubuhi mpaka jioni. Nikiweka mita naona volti. Nikiweka osiloskopu naona mawimbi. Huo ukokotoaji sijawahi kuuona hata siku moja. Nyie wasomi mnautolea wapi?

#5 MgeniKijitonyama

Fundi, swali lako limeuzidi uzi wangu.

Chukua zile chipu za zamani za volti 5, familia ya 7400. Kwenye pini ya kuingilia, chini ya volti 0.8 inahesabiwa 0, juu ya volti 2 inahesabiwa 1, na katikati hapo mtengenezaji hakuahidi kitu. Umeme wenyewe haujui 0 wala 1. Sasa chukua geti la NA (geti ni saketi ndogo ya mantiki), lile ambalo pini ya kutokea inapanda pale tu pini zote mbili za kuingilia zikiwa juu. Geuza makubaliano: sema volti ya chini ndiyo 1. Hujagusa solda, hujakata njia, na geti lilelile limekuwa la AU, linalotoa 1 hata kama ni pini moja tu ya kuingilia iliyo 1. Jaribu kwenye karatasi uone.

Kwa hiyo ukiweka mita unapima mwili wa jambo. Ukokotoaji upo kwenye ulinganifu kati ya hizo volti na alama tulizozipa kazi.

#6 BwanaMashaka

Hapo umejifunga mwenyewe goli. Kama ni makubaliano tu, nami naenda pale Coco Beach nachagua jiwe. Joto lake la saa 3 asubuhi naliita hatua ya kwanza ya mshahara wangu, la saa 4 hatua ya pili, la saa 6 jibu. Jiwe limekokotoa mshahara. Kila kitu kinakokotoa, na neno lako limekuwa uji.

#7 MgeniKijitonyama

Mashaka umeanza. Hoja hiyo ina wenyewe, wanafalsafa wa Marekani: Hilary Putnam aliileta mwaka 1988, na John Searle akasema kwa mtindo huo hata ukuta nyuma yake unaendesha programu ya kuandikia barua.

Jibu linalonitosha ni hili. Jiwe lako linalingana na kilichokwisha kutokea, basi. Unasubiri lipate joto ndipo unabandika majina. Kompyuta inatakiwa ilingane hata na lile ambalo hukuuliza. Nipe 1071 na 462 nitafute kigawo kikubwa cha shirika kwa njia ya Euclid, yenye zaidi ya miaka 2000. 1071 kwa 462, baki 147. 462 kwa 147, baki 21. 147 kwa 21, baki 0. Jibu 21. Sasa nibadilishie moja tu, nipe 1071 na 463: kanuni ni zilezile, hatua zinaongezeka, jibu linakuwa 1. Jiwe lako utaliingizia wapi hiyo 463?

Halafu makubaliano matupu hayatoi joto. Rolf Landauer wa IBM alionyesha mwaka 1961 kwamba kufuta biti moja ya taarifa (yaani 0 au 1 moja) hakuwezekani bila kutoa joto la kiwango fulani cha chini kabisa. Kwa joto la kawaida la chumbani ni kama jouli 3 zilizogawanywa kwa 1 yenye sufuri 21 mbele yake. Kidogo mno, chipu zetu zinatoa mengi zaidi ya hapo, lakini kipimo kipo, na mwaka 2012 jaribio la maabara lilikikuta palepale. Kwa hiyo ukokotoaji una mguu mmoja kwenye fizikia, fundi asijione yatima.

#8 BwanaMashaka

Mguu mmoja. Na mwingine uko hewani. Sijaridhika lakini endelea.

#9 Kete64

Mkuu umeandika "utepe usio na mwisho" ukapita mbio kama daladala iliyoona trafiki. Mambo yote yako hapo.

Sisi wa bao tunalijua hili kwa mikono. Ubao una mashimo 32, kete 64. Ukishachagua shimo na upande wa kwendea, mtaji unajiendesha: unatembeza kete, ya mwisho ikiangukia penye kete unakula au unazoa unaendelea, ikiangukia shimo tupu umelala. Njiani huamui chochote. (Najua mtanishika kwenye nyumba, lile shimo maalumu, ambapo mchezaji anaweza kuchagua kusafiri au kubaki. Iacheni kwanza.) Hiyo ni mashine yenye jedwali, kete ndizo alama, na mikono ya mchezaji ni kichwa cha kusomea na kuandikia.

Sasa swali: mtu akianzisha mtaji, naweza kujua kama utalala au utazunguka milele? Naweza. Namna za kupanga kete 64 kwenye mashimo 32 ni takribani 1 yenye sufuri 25. Nyingi, lakini zina mwisho. Ongeza shimo ulipofikia na kete zilizobaki mkononi, bado zina mwisho. Kwa hiyo mtaji usiolala hauna budi siku moja kurudi kwenye hali iliyokwisha pita, ileile kabisa, na ukirudi mara moja utarudi daima. Mimi nakaa pembeni na daftari, naandika kila hali. Ikijirudia napiga ubao: huu haulali, tuhesabu vingine.

Mashine ya Turing imeikosa kinga hiyo. Inaweza kwenda mraba mpya kila hatua, isirudie chochote, isisimame, na wewe na daftari lako hujui kama itasimama kesho au haisimami kamwe.

#10 MwalimuTemeke

Kete64 nimekupenda bure. Kesho naliingiza darasani. Lakini kompyuta ya ofisini kwangu nayo ina kumbukumbu yenye mwisho. Nayo ni bao?

#11 MgeniKijitonyama

Shikamoo mwalimu.

Ni bao, ndiyo. Tatizo ni ukubwa. Gigabaiti 8 za kumbukumbu ni kama biti bilioni 69, na idadi ya hali zake ni 2 kwa kipeo cha hiyo bilioni 69. Daftari la Kete64 halitoshi hapo, wala karatasi zote za dunia. Ndiyo maana ule utepe usio na mwisho, ambao kikweli haupo dukani, unaieleza laptopu yako vizuri kuliko ubao wenye mwisho. Ajabu lakini ndivyo.

Na kwa kuwa Kete64 kaligusa, hili ndilo thibitisho lenyewe kwamba hakuna utaratibu wa kujua daima kama programu itasimama, fupi kuliko watu wanavyolihofia. Tuseme ametokea mganga, programu iitwayo Mganga, ambaye ukimpa programu yoyote na data yake anajibu bila kukosea: "itasimama" au "haitasimama". Mimi naandika programu yangu, Mkaidi. Mkaidi anapokea programu, anamuuliza Mganga: hii ikipewa maandishi yake yenyewe kama data, itasimama? Mganga akisema itasimama, Mkaidi anaanza kuzunguka milele. Akisema haitasimama, Mkaidi anasimama papo hapo.

Sasa mpe Mkaidi maandishi ya Mkaidi. Mganga akisema "itasimama", haisimami. Akisema "haitasimama", imesimama. Kila atakalosema ni uongo, na tulisema hakosei. Basi Mganga hayupo, na hatakuwepo hata mashine ziwe na kasi mara milioni.

Msidhani ni mchezo wa maneno. Kutokana na mzizi huu Henry Rice alithibitisha mwaka 1953 kwamba karibu kila swali la maana kuhusu tabia ya programu kwa ujumla wake halina utaratibu wa kulijibu daima. Miaka ya 1980 Fred Cohen akaonyesha kwamba programu ya kutambua virusi vyote bila kukosea haiwezekani. Anayekuuzia "kinga kamili asilimia 100" pale mtaani anakuuzia kisichoweza kuwepo kihesabu.

#12 MwalimuTemeke

Marahaba mwanangu. Mkaidi amenikumbusha wanafunzi fulani wa 3B.

#13 Kipepeo_Kimara

Haya yote yananisaidia nini mimi niliyekaa gizani nabonyeza namba za LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa tochi ya simu?

#14 MgeniKijitonyama

Umejitolea mfano mwenyewe. Zile tarakimu 20, yaani tokeni, ni biti 66, na 64 kati yake zimefumbwa kwa ufunguo wa mita yako, ndiyo maana tokeni ya jirani inakataa kwako. Mita ya kawaida haina intaneti. Inafumbua yenyewe, inasoma uniti, na inasoma tokeni ilitengenezwa lini ili usiitumie mara mbili. Muda huo umetengewa biti 24, unahesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa 1993. 2 kwa kipeo cha 24 ni dakika 16,777,216, karibu miaka 32. Zikaisha tarehe 24 Novemba 2024. Mwaka ule tulipokuwa tukipewa seti mbili za ziada za kuingiza kabla ya seti ya uniti, ndiyo ilikuwa dawa yake, na nchi nyingi zenye mita za mfumo huu zilinywa dawa hiyohiyo. Ni ubao wa Kete64 huo: hali zikiwa na mwisho, kuna siku zinaanza kujirudia.

#15 DerevaWaMizigo

Nauliza kibiashara. Natoka Kariakoo na bodaboda nina mizigo 20 ya wateja 20. Kuna programu inaweza kunipangia njia fupi kuliko zote? Maana mafuta yanakula faida.

#16 MgeniKijitonyama

Sasa tumefika kwenye swali linalolipa mishahara. Tulishajua linakokotoleka: orodhesha mipangilio yote, pima kila mmoja, chukua mfupi. Mipangilio ya vituo 20 ni 2,432,902,008,176,640,000. Mashine inayopima mipangilio bilioni 1 kwa sekunde itamaliza baada ya miaka 77. Mteja wa Mbagala atakuwa ameshahama.

Mwaka 1962 Michael Held na Richard Karp, na Richard Bellman kwa upande wake, walionyesha njia nyingine. Ukishajua njia fupi ya kupita Buguruni na Tabata ukaishia Segerea, iandike. Usiikokotoe upya kila inapojitokeza ndani ya mpangilio mrefu. Kwa vituo 20 kazi inashuka hadi kama hatua milioni 420, chini ya nusu sekunde kwa mashine ileile. Hakuna aliyenunua chipu mpya. Kutoka miaka 77 hadi kufumba na kufumbua, kwa wazo tu. Nikiulizwa sayansi ya kompyuta inafanya nini, huwa nataja hili kabla ya Turing.

Ila usishangilie sana. Ukiwa na vituo 40 njia hiyo inataka kama siku 20. Ukiwa na 60, zaidi ya miaka 100,000. Je, ipo njia isiyolipuka hivyo? Stephen Cook mwaka 1971 na Karp mwaka 1972 walionyesha kwamba maswali mengi ya familia hii yamefungwa kamba moja: likipatiwa njia ya haraka moja, yote yamepata. Hakuna aliyeipata, hakuna aliyethibitisha kwamba haipo. Taasisi ya Clay ya Marekani iliweka dola milioni 1 mwaka 2000, na bado zipo.

Kwako wewe wa bodaboda: tumia programu inayotoa njia nzuri ya kutosha, usitafute fupi kuliko zote. Na foleni ya Buguruni haimo kwenye hesabu hizi.

#17 BwanaMashaka

Na akili mnemba? Na hizo kompyuta za kwantamu? Nazo zimo kwenye daftari la miraba?

#18 MgeniKijitonyama

Zimo. Akili mnemba ni kuzidisha na kujumlisha namba kwa wingi wa kutisha; ukiwa na penseli na umri usioisha unaweza kuifanya mwenyewe. Kwantamu haiongezi mambo yanayokokotoleka, inabadili gharama ya baadhi yake, kama Peter Shor alivyoonyesha mwaka 1994 kwa kuvunja namba kubwa kuwa vigawo vyake tasa. Kama ubongo nao umo, hilo sina ubavu wa kulimaliza hapa, na wewe hutaridhika kwa lolote.

#19 FundiNarungombe

Mimi nimeelewa zaidi ya nilivyotegemea. Mtu kama mimi, hesabu zangu ziliishia kidato cha nne, naanzia wapi?

#20 MgeniKijitonyama

Anza na daftari la miraba, achana na laptopu. Andika namba kwa 0 na 1, weka kidole mraba wa kulia kabisa. Jedwali la kuongeza 1:

Ukikuta 1, andika 0, nenda kushoto.
Ukikuta 0, andika 1, simama.
Ukikuta mraba mtupu, andika 1, simama.

Ipe 1011 (yaani 11), itakutolea 1100 (yaani 12). Ukishaizoea, tunga mwenyewe ya kupunguza 1.

#21 Kete64

Rahisi. Ukikuta 0, andika 1, nenda kushoto. Ukikuta 1, andika 0, simama.

#22 MwalimuTemeke

Ipe 0000. Inaandika 1111, inafika mraba mtupu upande wa kushoto, na jedwali lako halina la kusema. Mtoto wa 3B angekuuliza afanye nini hapo.

#23 FundiNarungombe

Mwalimu, ongeza mstari mmoja tu: ukikuta mraba mtupu, simama. Hiyo 1111 iacheni ilivyo. Kwenye prosesa za biti 4 nilizojifunzia, 1111 ndiyo -1.

#24 MwalimuTemeke

Na ukiiongezea 1 kwa jedwali la kwanza unapata 10000, wakati -1 na 1 ni 0.

#25 FundiNarungombe

Prosesa ina miraba minne tu. Hiyo 1 ya mbele haina pa kukaa, inadondoka. Zinabaki 0000.

#26 Kete64

Basi mimi natunga ya kuzidisha. Nipeni wikiendi.